"Mzee Amedinda": Ujumbe Mmoja, Viswahili Viwili

Kisa hiki kilianza Alhamisi, saa nne na dakika kumi asubuhi, katika kundi la WhatsApp lenye watu 11. Kundi lilikuwa la kazi. Kampuni ndogo ya uwakala wa mizigo ya Nairobi ilitaka kuingia ubia na mwenye malori wa Dar es Salaam, mzigo utoke bandarini upandishwe hadi Namanga na kuvuka. Mimi nilikuwamo kwa sababu nilifasiri rasimu ya mkataba. Kazi yangu ilikuwa imekwisha na malipo nimeshapokea. Nikabaki mle kama mgeni aliyesahau kuaga.

Nimeruhusiwa kukisimulia kwa sharti nisitaje majina. Kwa hiyo wahusika nitawaita kwa nafasi zao. Yupo kijana wa Nairobi, msimamizi wa mizigo, na mkurugenzi wake, mama mmoja asiyependa kuzungushwa. Upande wa Dar yupo mzee mwenye malori, na mpwa wake anayeshughulikia kazi za kila siku. Halafu yupo mhasibu, mwanamke wa Mombasa, mzaliwa wa Mji wa Kale, aliyeajiriwa na Wanairobi. Huyo mkumbuke.

Ujumbe wenyewe, kama ulivyoandikwa na kijana:

"Hamjambo wote. Mzee bado amedinda. Nimembembeleza tangu jana lakini wapi. Kama kuna mtu anaweza mshawishi, tafadhali asaidie."

Msomaji wa Kenya hapo haoni kitu. Mzee amekataa kutia saini, kijana amechoka, anaomba msaada. Msomaji wa Tanzania ameshashika mdomo. Kwake yeye kudinda si kukataa. Ni jambo linaloupata mwili wa mwanamume, na halitajwi mbele ya watu. Sasa urudie kuusoma ujumbe ule kwa masikio ya Dar, uanzie kwenye "bado" na upite polepole kwenye "nimembembeleza".

Kundi lilinyamaza kama dakika tatu. Kisha mpwa akaandika: "Dogo acha chai. Mzee yuko ofisini tangu saa mbili, hakuna aliyempigia simu."

Nadhani aliliruka lile neno kama mtu anavyoruka dimbwi, akatua kwenye jambo ambalo angeweza kulijibu bila aibu: kwamba kijana anasema uongo, hajambembeleza mtu. Kwa vijana wa Tanzania chai ni hadithi ya kutunga. Mtu akikusimulia kisa kisichoaminika unamwambia "hiyo chai", na "acha chai" ni "acha kutudanganya".

Mkurugenzi wa Nairobi hakusoma hivyo. Kenya chai ni hongo, na imekuwa hongo kwa miaka mingi kiasi kwamba mtu akikuambia "toa chai" hutafuti birika. Tena angalia kitenzi kilivyomsaliti mpwa: kuacha ni kukoma, lakini pia ni kubakiza kitu mahali. "Acha chai", kwa sikio la mama yule, ilikuwa amri iliyonyooka: mzee hasaini mpaka muache kitu. Akajibu baada ya dakika moja, na ninavyomfahamu hakuhitaji hata hiyo moja:

"Kampuni yetu haitoi chai kwa mtu yeyote. Kama hiyo ndiyo shida, semeni wazi tujue."

Mpwa: "Samahani, nani kaomba rushwa hapa?"

Mkurugenzi: "Soma ulichoandika."

Mpwa akasoma alichoandika, na bila shaka hakukiona. Saa tano kasoro robo ikatokea ile mistari midogo ya kijivu ambayo simu huiandika bila hisia yoyote. Nambari ya mzee: ameondoka.

Jumatano, kabla ya neno lolote baya

Watu wengi niliowasimulia kisa hiki hucheka kwenye kudinda na kuishia hapo. Mimi nilipoombwa kupatanisha nilianza kwa kuurudisha uzi nyuma, na nikagundua kwamba kosa la kwanza lilifanyika siku moja kabla, kwa maneno safi kabisa ambayo mwalimu yeyote angeyapigia tiki.

Jumatano mchana kijana alituma rasimu na kuandika: "Mzee, soma na utume ikiwa imesainiwa kabla ya saa kumi." Mzee akajibu kwa sauti ya kurekodi, taratibu: "Nimeipokea, ahsante sana. Kuna hiki kifungu cha gharama za kuchelewa. Basi, tutaliangalia."

Kijana akaandika: "Sawa, asante." Akangoja saini.

Ukikaa ofisi za Tanzania kwa wiki mbili utajua kwamba "tutaliangalia", pamoja na nduguye "tutalifanyia kazi", si ahadi. Ni mlango uliofungwa kwa upole na kuachwa bila komeo. Mzee alikuwa anasema: hapo pana tatizo, nipigie tuzungumze. Kutaja kifungu ndiko kulikuwa ujumbe wenyewe. Mengine yote ni mkeka wa kukalia. Kijana alisikia "tutaliangalia" akaelewa kuangalia, kama mtu anavyoangalia karatasi kisha akatia saini. Asubuhi saini haikufika. Kwa hesabu zake mzee alikuwa amekubali jana na kugeuka leo, na kwa tabia ya namna hiyo Nairobi wana neno moja fupi.

Maana yake ni kwamba hata kama kudinda kungekuwa na maana moja tu Afrika Mashariki nzima, ujumbe wa Alhamisi ungekuwa na kosa. Mzee hakuwa amekataa kitu. Alikuwa anasubiri simu.

Halafu kuna ile amri: "soma na utume". Kwa Mkenya hayo ni maelekezo ya kazi, tena "mzee" ameshawekwa mbele kwa heshima. Kwa Mtanzania ombi lisilo na "naomba" halijavaa shati. Watanzania huomba hata kile wanachokilipia, na Wakenya huwacheka kwa hilo. Watanzania nao humwona jirani yao kama mtu anayeamrisha kila aliye mbele yake. Kila upande una hoja. Ninachotaka kionekane ni kwamba neno la Alhamisi lilimkuta mzee ameshachomwa kidogo na Jumatano, na aliyekwisha kuchomwa hakupi nafasi ya pili ya kueleza ulimaanisha nini.

Aibu haisafiri na neno

Kudinda kulipataje kuwa na nyuso mbili? Ninavyoliona mimi, wazo la chini ni moja: kukaza, kukakamaa, kutopinda. Kutoka hapo njia inagawanyika. Anayekaza shingo amekataa. Huko ndiko walikokwenda Wakenya, na wamefika mbali, maana utalikuta hata kwenye vichwa vya habari vya *Taifa Leo*, mwanasiasa "adinda" kuondoka, wafanyakazi "wadinda" kurudi kazini. Ni neno fupi, na mhariri wa gazeti hupenda neno fupi kuliko anavyopenda ndugu zake. Njia ya pili ni ile ya mwilini, na huko ndiko Tanzania ilikobaki.

Swali linalonivutia zaidi ni hili: kwa nini maana ya pili haikuizuia ya kwanza Nairobi? Kwa kawaida neno likishapata uchafu, uchafu hushinda. Jibu langu ni kwamba aibu ya neno haikai ndani ya neno. Inakaa kwa bibi aliyekukata jicho ulipolitamka ukiwa na miaka sita. Mtoto wa Tanga au wa Mombasa hajui kwamba neno fulani ni chafu kwa sababu kamusi imeandika hivyo; anajua kwa sababu siku moja chumba kizima kilinyamaza. Nairobi ilikipokea Kiswahili kwa njia nyingine. Wengi waliingia nacho kama lugha ya pili au ya tatu, kutoka barabarani na gereji, na baadaye darasani, hasa baada ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 kuanza mwaka 1985 na Kiswahili kuwa somo la lazima. Barabara na darasa hufundisha maneno vizuri sana. Havimkati mtoto jicho.

Ndiyo hali ya shoga pia, ingawa huko mambo yamekwenda kinyume. Mwanamke wa pwani au wa Dar humwita rafikiye wa kike "shoga yangu" mbele ya mumewe na hakuna anayegeuka. Mlete dada huyo bara ya Kenya, amwite mwenzake hivyo kwenye foleni ya benki, watu watageuka. Huko imefika ile maana inayohusu wanaume tu. Pwani wanazo zote mbili na wanajua lini ni ipi, kama mtu mwenye funguo mbili zinazofanana.

Mara nyingi husikia watu wakilaumu usanifishaji. Ule mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja, lahaja ya Unguja, badala ya Kimvita cha Mombasa, mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki, kisha Tanzania ikawa na BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, tangu 1967. Lawama hiyo siioni. Kazi ile ilisawazisha tahajia, ngeli na vitabu vya shule, na ndiyo maana mzee na kijana wanaweza kusoma mkataba mmoja bila mkalimani. Haikuahidi kusawazisha mitaa. Lakini imetuachia madhara madogo ambayo huonekana siku kama Alhamisi ile: kwa kuwa tunaandika kwa namna moja, tunadhani tunasema kwa namna moja. Kijana yule angekuwa anamwandikia Mfaransa, angeuliza kila neno. Neno geni lina adabu ya kujitambulisha kwamba ni geni. Hili la nyumbani linaingia bila kubisha hodi, na mwenye nyumba hashtuki mpaka limeshavunja kikombe.

Chai nayo si ngeni kwa kazi hii ya kubeba mizigo miwili. Lugha yetu ina tabia ya kuivika rushwa nguo za ukarimu. Hata takrima, neno la kumkirimu mgeni, liliingizwa katika sheria ya uchaguzi ya Tanzania mwaka 2000 kuruhusu wagombea "kuwakirimu" wapiga kura, na Mahakama Kuu ikalifuta mwaka 2006. Kinachoshangaza ni kwamba chai ya Kenya ilibaki kwenye ukarimu huo wa uongo, ya vijana wa Tanzania ikageuka kuwa uongo wenyewe.

Aliyeelewa yote akanyamaza

Sasa turudi kwa mhasibu. Katika watu 11, yeye peke yake alisoma ujumbe wa kijana kwa maana zote mbili papo hapo. Ni mtu wa Mombasa: kudinda kwa bibi yake anakujua, na kudinda kwa ofisini Nairobi anakusikia kila siku. Chai ya hongo anaijua, na ya uongo pia, maana ana mabinamu Dar. Angeandika mstari mmoja, mambo yangeishia palepale.

Hakuandika. Alinipigia simu saa sita. "Kaka, wallahi nilitamani ardhi ipasuke niingie. Sasa mimi mwanamke, nitalieleza vipi lile neno mbele ya mzee wa watu? Niseme 'hakukusudia hivyo'? Basi nitakuwa nimekiri najua angeweza kukusudia vipi."

Hapa ndipo kisa kiliponifunza kitu ambacho sikukijua, na nimekuwa nikifanya kazi ya lugha kwa miaka mingi. Nilidhani watu wanaojua lahaja mbili ndio daraja. Kumbe adabu ileile iliyomfundisha kwamba neno ni zito ndiyo iliyomzuia kulieleza. Kijana aliweza kulitamka kwa sababu hakuwa na hiyo adabu; yeye hakuweza kulisahihisha kwa sababu anayo.

Mimi nikakaribia kuharibu zaidi. Nikaandika ujumbe mrefu wa kutuma kundini, wa kitaalamu, wenye maana ya kwanza na maana ya pili, na nikamtumia mhasibu kwanza auone. Akanijibu kwa sentensi moja: "Utaliandika tena neno hilo, mara nne, mzee akisomewa?"

Nikauliza, akisomewa na nani?

Ndipo nikajua. Mzee macho yake hayasomi maandishi madogo. Asubuhi ile alikuwa ameketi ofisini na mjukuu wake wa kidato cha pili, yuko likizo, ndiye anayemsomea ujumbe kwa sauti. Msichana alisoma, "Mzee bado ame—", akasimama. Babu akamwambia asome yote. Akasoma yote. Baadaye lilipokuja lile la "haitoi chai", babu akauliza chai gani, na mjukuu, kwa Kiswahili cha wenzake wa shuleni, akamweleza: chai ni uongo, babu. Kwa hiyo mzee alisikia kampuni ya Nairobi ikisema kwamba yenyewe haimdanganyi mtu, tofauti na fulani.

Angalia basi. Ujumbe mmoja wa mkurugenzi, ofisi moja ya Dar: mpwa kaelewa wametuhumiwa kuomba rushwa, mzee kaelewa ameitwa mwongo. Tunapenda kuchora mpaka wa maneno pale Namanga, Wakenya huku na Watanzania kule. Mpaka mwingine ulipita katikati ya meza ile, kati ya kiti cha babu na kiti cha mjukuu.

Simu

Nilimpigia mzee saa tisa alasiri. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti kavu. Nikaomba radhi kwa niaba ya vijana, nikasema, "Mzee wangu, lile neno la asubuhi, kule kwao maana yake ni kugoma tu. Hana lingine."

Kimya. Kisha: "Sasa si angesema nimegoma?"

Swali zuri, na jibu lake ni kwamba Mkenya haligusi neno hilo hivihivi. Kwake kugoma ni mgomo wa wafanyakazi, walimu wako nje na mabango. Kijana angeandika "mzee amegoma", mkurugenzi angeuliza madereva wanadai nini. Nilimweleza hivyo mzee, na hapo akacheka, kicheko kifupi cha puani. Nikaeleza chai zote mbili. Hizo hazikumchekesha. Akasema mambo ya rushwa hayaandikwi hadharani hata kwa mzaha, na nilikubaliana naye. Sidhani mkurugenzi alikuwa na haki ya kuandika alichoandika bila kupiga simu kwanza, hata kama chai ingekuwa na maana moja duniani kote.

"Na mimi sikugoma," akamalizia. "Nilisema tutaliangalia."

Nilichomwambia kijana baadaye kilikuwa kifupi. Sikumpa orodha ya maneno ya kuepuka. Orodha za namna hiyo nimeshaziandaa kwa wateja wawili, na zote mbili zilizeeka kabla ya mwaka kuisha, maana vijana hawamngoji mfasiri. Nilimwambia ampigie mzee, asiandike, aanze na shikamoo, na aulize kuhusu kifungu cha gharama za kuchelewa. Alisita kwenye shikamoo. Kwao haijazoeleka, akaona kama anaigiza. Lakini aliisema. Mazungumzo yalichukua dakika 20, na 15 kati ya hizo zilikuwa za kifungu. Mzee alitaka lori lisihesabiwe kuchelewa likiwa limezuiwa kwenye mizani au mpakani bila kosa la dereva. Jambo la haki, na mkurugenzi alilikubali jioni hiyohiyo. Saini ilipatikana Jumamosi. Kundini mzee hakurudi. Mpwa alisema simu yake haina nafasi, na sote tukaafiki kwamba haina nafasi.

Wiki tatu baadaye kijana alituma picha ya lori la kwanza likitoka getini, bluu, turubai limefungwa vizuri, na chini yake maneno mawili: "Safari imebamba!"

Nairobi kitu kikibamba kimependeza, kimenoga. Dar kubamba ni kukamata, na anayebambwa mara nyingi amebambwa na askari.

Mpwa akajibu palepale: "Imebambwa wapi tena, Namanga?"

Nikaona kijana anaandika. Akaacha. Akaandika tena. "Hapana bro, kwetu kubamba ni kupendeza. Kwenu ni nini?"

"Kukamatwa."

"Ahaa. Basi haijabamba."

Mhasibu akatuma uso unaocheka machozi, wa kwanza tangu niingie mle kundini.